Kurasa Kumi na Mbili Ambazo Hazikufunguliwa

Rukia mwanangu,

Barua zetu huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: uko Bondeni kwa shangazi yako, umekwenda kuaga, na babako yuko nawe, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako hamtarudi kabla ya Isha. Hali yangu mimi ni hasira. Nimeswali alasiri, nimefunga mlango wa mbele ili jirani yetu Bi Zuhura asije kuniuliza umepakia nini, na nimekaa kwenye meza yako ya kusomea kukuandikia.

Mambo ya sweta, ya achari, ya kuuliza kibla kiko upande gani huko London, umeshaambiwa na kila mwenye mdomo. Sina la kuongeza. Nataka kukwambia habari za jana.

Jana, baada ya dua ya kukuaga, ulisimama mbele ya wanawake wa mtaa wetu mzima wa Kuze, ukasema: "Mimi nataka kuwa kama mama. Mama alifanya kazi katika benki kubwa, akapanda juu, kisha akaiacha kwa ajili yangu. Nami nataka aone kwamba hakuiacha bure." Wakapiga vigelegele. Bi Zuhura akanilalia begani akalia. Nami nilikuwa nimeshika sinia ya kaimati, nikatabasamu.

Hukumwona Mwalimu Kadzo alivyofanya. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kama kawaida yake. Aliinuka, akaweka kikombe chake chini bila kunywa, akatoka. Nilimfuata hadi kwenye ngazi. Akaniambia, "Salma, mtoto anaondoka kesho kutwa, na bado hujamwambia."

Nikamjibu, "Nitamwambia."

"Miaka minane wanijibu hivyo," akasema, akaenda zake.

Umemjua Kadzo kama mwalimu wako wa hesabu, aliyekuja hapa kila Jumamosi kukufundisha na hakutaka kulipwa. Hukuwahi kuniuliza mimi na yeye twajuana wapi. Twajuana benki. Alikuwako kabla yangu, na alikuwa bora kuliko mimi.

Basi nisikilize.

Benki ile ilikuwa ya kigeni, na ofisi yake ya Nairobi ilikuwa na madirisha marefu kutoka sakafuni hadi juu. Haikuwa benki ya watu kupanga foleni kuweka akiba. Ilikuwa benki ya uwekezaji, kama hiyo iliyokuajiri London: kampuni ikitaka kununua kampuni nyingine, au kujiuza, au kuingia katika soko la hisa, ilikuja kwetu tuishauri. Kazi yetu sisi wachambuzi wadogo ilikuwa kutengeneza tulichokiita kitabu, kurasa arubaini au sitini za michoro na hesabu, ambazo mkurugenzi wetu angewafunulia wakubwa wa kampuni mezani. Kitabu kilirudishwa kimejaa wino mwekundu. Mstari huu usogee. Rangi hii iwe nyeusi zaidi. Ukikirekebisha kinarudi tena, na pale walipofuta jana leo wanataka parejeshwe kama palivyokuwa.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa kazi chungu. Ilikuwa tamu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, mtoto wa fundi cherehani wa Kuze, na wazee wenye viwanda walinyamaza nilipofungua mdomo. Siku moja niligundua kosa katika hesabu ya mkurugenzi mwenyewe, mbele ya wateja, nikalisahihisha, na nikaona wanavyogeuka kunitazama. Nilitembea wiki nzima kama niliyevishwa taji. Utamu huo utaupata na wewe, na ukija kuuonja ujue kwamba mimi nilikwambia ni wa kweli.

Sasa sikia kilichokwenda. Kwanza ilikuwa adhuhuri, nikaichelewesha hadi alasiri. Kisha nikawa nalipa swala zote kwa pamoja nikifika nyumbani, kisha nikawa nalala kabla ya kulipa. Ramadhani nilifuturu kwa biskuti mbele ya kompyuta. Arusi ya ami yako Faraji niliisikiliza kwa simu. Na hakuna aliyenikataza lolote, Rukia. Hilo ndilo linalonichoma. Kulikuwa na chumba cha kuswalia, kisafi, kina zulia na kabati la miswala. Niliulizwa tu, kwa upole, "Utarudi baada ya dakika ngapi?"

Mkurugenzi wetu aliitwa Philip. Hakupata kupaza sauti hata siku moja. Sisi tumezoea dhalimu anayefoka, tukimsikia akifoka tunajua tusimame wapi. Philip alikushukuru. Alikumbuka jina la mamako. Aliposema, "Nahisi vibaya kukuomba hili," ulikuwa umeshakubali kabla hajamaliza. Bado naisikia sauti ile, na hata sasa ningeweza kuivunja hii kalamu.

Kadzo alinikuta chooni wiki yangu ya kwanza, nalia, kitabu kimerudishwa mara ya tatu. Aliniambia kwa Kiswahili chetu cha pwani, katikati ya Nairobi, "We mwana wa watu, mbona wajiliza? Osha uso, uje nikuonyeshe." Kwao ni Kaloleni. Alinionyesha kila kitu. Jumapili tulipopata nafasi alinipikia wali wa nazi na mchicha, tukawasema wakubwa mpaka tukachoka kucheka. Alikuwa ameolewa miaka sita, hajajaliwa mtoto.

Mwaka wangu wa tatu akapata mimba. Aliniambia mimi peke yangu. Mwaka huo kulikuwa na cheo kimoja, na waliokuwa wakitajwa ni yeye na mimi. Alijua kwamba kabla yetu palikuwa na mwanamke aliyetangaza mimba yake, akahamishiwa kwa huruma nyingi kwenye kazi nyepesi, na hakusikika tena. Kwa hiyo Kadzo akavaa makoti makubwa, akafunga mdomo. Mimi nilimsaidia. Nilimbebea mafaili. Nilikuwa rafiki mwema, mpaka siku nilipohitajika kuwa rafiki.

Ilikuwa Ijumaa. Saa nane mchana tulikuwa na mkutano na wenye kampuni moja ya mafuta ya kupikia waliotaka kujiuza, na kitabu kilikuwa hakijakamilika. Kurasa kumi na mbili za nyuma zilikuwa za Kadzo. Saa nne hivi za asubuhi nilimwona ameshika ukingo wa meza, midomo imemkauka. Akainuka, akaenda hadi kwenye mlango wa Philip. Ofisi zilikuwa wazi, sote tulisikia.

"Sijisikii vizuri," akasema. "Naomba niende hospitali."

"Bila shaka, nenda," Philip akajibu mara moja. "Afya kwanza." Kisha akatoka mlangoni, akatutazama sisi tuliokaa, watu saba, akauliza kwa upole ule ule: "Nani atamalizia kurasa za Kadzo?"

Basi. Hilo tu. Hakumzuia.

Kadzo akanigeukia. Hakunitazama kwa kuomba, alinitazama kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu chake mahali alipokiweka. Kurasa zile nilizijua. Nilikuwa na kazi yangu pia, ndiyo, lakini ningeweza. Ningelazimika kukimbia, lakini ningeweza. Na katika kichwa changu, haraka kuliko unavyofumba jicho, nikaona kwamba akienda sasa, na kurasa zake zikakosekana, cheo ni changu. Na nikizimaliza mimi, itasemwa kwamba Kadzo ana rafiki mzuri, na cheo kinaweza kuwa chake.

Nikatazama kompyuta yangu.

Wale wengine sita wakatazama zao. Kimya kile hakikufika hata robo dakika. Kisha nikasikia Kadzo akisema, "Hapana, si kitu. Nitamaliza mwenyewe, kisha niende." Philip akasema, "Una hakika?" Akasema, "Nina hakika." Philip akamshukuru.

Alimaliza saa saba na nusu. Alipoinuka niliona kiti chake. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Mlinzi na mfagiaji ndio waliomshika kumteremsha. Mimi nilikuwa nimekumbatia vitabu sita vilivyotoka mashineni, bado vya moto, na lifti ya pili ilikuwa imefunguka, na Philip ameuzuia mlango kwa mkono akinisubiri. Nikaingia.

Mkutano ulikuwa katika hoteli si mbali. Wale wenye kampuni walikuwa ndugu watatu. Mkubwa wao alifungua kitabu, akatazama ukurasa wa pili, akatazama wa tano, akakifunga, akakiweka chini ya kikombe chake cha chai. Akasema, "Tumebadilisha nia. Hatuuzi mwaka huu." Wakazungumza habari za gofu. Tulipotoka niliona vitabu vyote sita mezani. Kurasa za Kadzo hazikufunguliwa. Hata moja. Yule mzee aliacha duara la chai juu ya jalada.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mimba ya miezi mitano.

Jumatatu Philip akaniita, uso umemwiva kwa huzuni, na naamini huzuni ilikuwa ya kweli, akasema benki itapeleka maua, na je, kwa kuwa mimi ni rafiki yake, ningependa kuandika maneno ya kadi? Nikaandika. Rukia, mimi mamako niliandika kadi ile. Niliandika kwamba sote tuko pamoja naye. Baada ya mwezi nikapewa cheo. Kadzo alirudi kazini wiki tatu, akafanya kazi yake yote bila kosa, akanisalimia kila asubuhi, kisha akaandika barua ya kuacha kazi na hakuniaga.

Najua utauliza: ukafanya nini? Sikufanya kitu. Nilibaki miaka saba mingine. Nilinunua mapazia. Nilipokuja Mombasa kwa Idi niliwahadithia watu habari za madirisha marefu na wazee wanavyoninyamazia, na wewe ulipopata akili ukazisikia hadithi hizo mpaka ukazijua kwa moyo. Kila ulipoziomba nilikupa. Mimi ndiye niliyekuandikia barua ya kuomba hiyo kazi, tangu ukiwa huna meno ya mbele.

Nilipokuwa na mimba yako sikuvaa koti kubwa. Nilitangaza, kwa kuwa sasa nilikuwa na cheo na hakuna aliyethubutu kunigusa. Ulipofika miezi mitatu nikakuleta kwa nyanyako hapa Kuze, nikarudi. Babako alikuwa bandarini, akikuona jioni. Ulimwita nyanyako Mama. Mimi ulinipa jina Mama wa Nairobi. Idi moja nilikuletea viatu vyekundu, ukakimbilia nyuma ya leso ya nyanyako, ukachungulia, ukamuuliza, "Huyu atalala hapa?" Nyanyako akacheka ili nisilie. Nikaenda kujifungia kusoma barua za kazi.

Na sasa lile la pili, ambalo jana ulilisema mbele ya watu. Sikuiacha kazi kwa ajili yako. Sikuiacha kabisa. Jumanne moja nilifika asubuhi, nikaweka kadi yangu mlangoni, mlango haukufunguka. Nikajaribu tena. Mlinzi, yule yule aliyemteremsha Kadzo, akaniambia kwa kuona haya, "Madam, umeombwa usubiri hapa." Tulikuwa watu kumi na wawili pale kwenye viti vya wageni. Akashuka msichana kutoka ofisi ya wafanyakazi, na vitu vyangu vilikuwa vimeshawekwa ndani ya sanduku la karatasi za kuchapia. Philip hakushuka. Alinitumia ujumbe kwamba anahisi vibaya.

Nikaja nyumbani na gari moshi la usiku. Nyanyako alinipokea mlangoni, akauliza, "Kuna nini?" na wewe ulikuwa umesimama nyuma yake. Nikasema, "Nimeacha. Nimekuja kulea mwanangu." Nyanyako alinitazama sana. Alijua. Alikufa na siri yangu, Mola amrehemu, na hakuwahi hata kunitupia kijembe. Lakini uongo ule ukapendwa. Mtaa mzima ukaupenda. Ukanipa heshima kuliko cheo chochote, na kadiri ulivyokua ukaanza kuubeba wewe, kwamba mamako alikatisha maisha yake kwa ajili yako na una deni. Huna deni, mwanangu. Hakuna kitu nilichokukatizia. Ningalikuwa bado kule kama wangalinitaka.

Miaka ilipita. Siku moja nilisikia kwamba Kadzo anafundisha hesabu shule moja ya Likoni, na kwamba anaishi huku kisiwani, Tudor, akivuka kila siku. Nikaenda Feri, penye kivuko, kumsubiri upande wa huku. Siku mbili sikumwona. Siku ya tatu alishuka katikati ya watu, ana mkoba wa madaftari.

"Kadzo."

Akasimama. "Salma. Umekonda."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya siku ile. Nilinyamaza."

Watu walikuwa wakitupiga vikumbo, muuza korosho akatuambia tusogee tusimzibie. Kadzo hakusogea. "Ulinyamaza kwa nini? Sema lote."

"Kwa sababu nilikitaka cheo."

Akatikisa kichwa polepole. "Miaka hii yote nilikuwa nikijiambia huenda hukuniona. Kwamba ulikuwa umezama kwenye kazi, hukuniona nikikutazama."

"Nilikuona."

"Haya," akasema. "Sasa najua. Yule Philip simuwazi. Yule alikuwa mtu wa benki. Wewe ulikuwa mtu wangu."

"Utanisamehe?"

"Leo siwezi. Kesho pia usiniulize."

Akaenda. Lakini baada ya miezi miwili alinipigia simu. Alikuwa amesikia kwamba nina binti anayeshindwa na hesabu. "Nitamfundisha," akasema. "Sitaki malipo. Ila siku moja, kabla hajawa mtu mzima wa kwenda zake, utamweleza mimi ni nani." Nikakubali. Ndipo akaanza kuja Jumamosi. Kila aliposimama nyuma ya kiti chako akikuonyesha njia, mimi nilikuwa jikoni, na nilijua wake angalikuwa mkubwa kuliko wewe kwa miaka miwili.

Alipokufundisha vizuri hivyo, ukafaulu vizuri hivyo, ukaenda kuiomba kazi ile ile. Nilimwambia. Nikamuuliza, "Nimkataze?" Akasema, "Umkataze kwa nini? Ana kichwa. Mwambie tu."

Kwa hiyo sikukatazi. Usidhani barua hii ni kamba ya kukufunga mguu. Wala usije ukaniambia nyakati zimebadilika. Nimeisoma barua waliyokuandikia, nimeona walivyojaza aya nzima kuhusu ustawi wa wafanyakazi. Sisi tulikuwa na zulia la kuswalia.

Ninalolijua ni hili tu. Siku yako itakapokuja, hutaitambua, kwa sababu hakuna atakayekulazimisha. Mtu mwenye adabu ataingia, atauliza swali dogo, na chumba kitanyamaza. Mimi nilipata muda wa kutosha kusema maneno matatu, "Nenda, nitamaliza mimi." Sikuyasema. Wewe sijui utafanyaje. Nimejaribu kukulea, lakini miaka mitano ya mwanzo hukulelewa na mimi, ulilelewa na nyanyako, na leo hilo ndilo linalonipa matumaini.

Hasira yangu bado ipo. Nilidhani nikimaliza kuandika itapungua, haikupungua. Namkasirikia Philip na ukarimu wake. Namkasirikia yule mzee na kikombe chake. Nakukasirikia hata wewe kidogo, kwa kunipenda kwa jambo ambalo sikulifanya. Lakini mwenye sehemu kubwa ya hasira hii amekaa kwenye kiti chako sasa hivi, ana wino vidoleni.

Barua hii nitakupa mkononi mkirudi. Sitaitia ndani ya sanduku ukaisome ukiwa mbali, mahali ambapo sitauona uso wako. Nimeshampigia Kadzo simu kumwambia kwamba nimeandika. Atakuwa nyumbani kwake usiku huu, akasema, ukitaka kumwona. Babako atakupeleka.

Kesho alfajiri, kabla ya gari kuja, desturi ni uje uniinamie uubusu mkono wangu, nikuombee. Usifanye kwa desturi. Kama hutaki kuubusu, pita. Nitakuwa nimesimama hapo mlangoni vilevile, na dua nitakuombea ukiwa umenipa mgongo.

Mamako,
Salma